Kichwa chauma kila jioni? Chunguza monita yako

Ikiwa unafanya kazi katika ofisi za kutoa mizigo bandarini huko Kipevu, wazijua namba za makontena. Kila moja ina herufi 4 na tarakimu 7, nawe wazikodolea macho tangu asubuhi. Ikifika saa kumi macho yanawasha, shingo imekakamaa, na 3 yafanana na 8. Unameza dawa ya kichwa. Kesho ni yale yale.

Kabla ya kumeza nyingine, itazame monita yako.

Zile zenye mgongo mkubwa, zilizojaa maofisini miaka ya 1990, zilimetameta na kuchosha macho. Za siku hizi ni bapa, lakini si zote zifaazo. Kwa kazi ya maandishi na hesabu, inchi 22 au 24 zatosha, yenye nukta 1920 kwa 1080. Za wacheza michezo waachie vijana. Uso wake using'ae, la sivyo dirisha lote litaonekana humo. Muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni mguu unaopanda na kushuka. Wengi huukwepa kuokoa pesa kidogo, kisha shingo ndiyo hulipa. Ukiukosa, rimu mbili za karatasi chini yake zafaa vivyo hivyo.

Monita kuukuu kutoka ng'ambo ni rahisi, na nyingine ni imara. Lakini usinunue iliyozimwa. Mwambie muuzaji afungue ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, utafute madoa na nukta zilizokufa. Apunguze mwanga, nawe uelekeze kamera ya simu: michirizi myeusi ikipita, yametameta hata kama jicho halioni. Iache.

Ofisini, iweke umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wa juu usipite usawa wa macho, dirisha likiwa ubavuni. Wenye miwani ya sehemu mbili waishushe zaidi. Pepesa macho mara kwa mara, maana hukauka upesi, hasa chini ya feni. Kila dakika 20, tazama mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Kreni za bandari zafaa sana. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu? Haijathibitishwa kwamba hupunguza uchovu huo.

Ikiwa umepita miaka 40 na herufi zingali zinacheza, huenda kosa si la monita. Nenda ukapimwe, na umweleze daktari skrini iko umbali gani, kwani miwani ya kusomea gazeti hupimwa kwa umbali mfupi zaidi.