Kuchakaa, Kulika na Kupindika: Istilahi za Ukaguzi wa Injini ya Rota

Mfasiri wa vitabu vya ufundi mara nyingi hutosheka na neno moja, kuchakaa, kila anapokuta habari za kifaa kilichoharibika kwa kutumika. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kuwa neno hilo peke yake halitoshi. Mfano tuliouchagua ni ukaguzi wa injini ya rota inapofumuliwa ili iundwe upya.

Injini hii, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel na kuwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU, haina pistoni. Badala yake ina rota ya pembe tatu, izungukayo ndani ya chumba chenye umbo linalokaribia tarakimu nane. Katika kila pembe hupachikwa kipande chembamba cha chuma kinachozuia gesi isipenye. Tunapendekeza kiitwe sili ya ncha, kwa kuwa mafundi wamekwisha kulizoea neno sili.

Fundi aifumuapo injini hii hutafuta hitilafu za namna tatu. Ya kwanza ni kulika, yaani chuma kupungua kwa msuguano. Katika injini ya 13B ya Mazda RX-7 ya mwishoni mwa miaka ya 1980, sili mpya ya ncha ina kimo cha milimita 8.0, ikilika hadi chini ya 6.5 haifai tena. Mabamba ya ubavuni nayo hulika yakafanya ngazi, ambazo kina chake kisizidi milimita 0.10. Ya pili ni kupindika: chuma hakikupungua, bali kimepoteza unyoofu, hasa kwa joto la kupita kiasi. Bamba hupimwa kwa rula ya chuma na fila geji, na mpaka wake ni milimita 0.04. Ya tatu ni kubambuka, yaani utando wa kromiamu wa ndani ya chumba kutoka vipande vipande, kama rangi itokavyo ukutani.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Bamba lililolika milimita 0.08 bado linafaa. Lililopindika kwa kiasi hicho hicho halifai. Mfasiri akiandika "limechakaa" mahali pote pawili, fundi ama atatupa bamba zima, ama atafunga bovu na injini ikose mgandamizo. Kwa hiyo kuchakaa na kubaki kuwa jina la jumla, na kila hitilafu itajwe kwa jina lake.