Modernismu ya Katalonia na Kanisa la Jamaa Takatifu

Padri akisikia neno «modernismu», mara anakumbuka barua *Pascendi* ya mwaka 1907, ambayo Papa Pio X alikataza nayo mafundisho ya wale waliotaka kugeuza imani ifuate mawazo ya wakati wao. Basi tuseme tangu mwanzo: modernismu tunayotaka kueleza hapa ni jambo lingine kabisa. Ni jina la ufundi wa kujenga, kuchora na kuchonga uliositawi katika nchi ya Katalonia, upande wa kaskazini-mashariki wa Hispania, toka karibu mwaka 1880 hata kupita mwaka 1910. Majina yanafanana, mambo yenyewe hayafanani. Tena fundi aliye mashuhuri kupita wote katika ufundi huu, Antoni Gaudí, alipewa na Papa Fransisko cheo cha *Venerabilis* mwezi wa Aprili 2025, maana yake Eklezya imekubali kwamba aliishi fadhila za kikristu kwa ushujaa.

Tunataka kuonyesha ufundi huu ulizaliwa namna gani na ulitumika namna gani. Neno letu ni moja: jengo la kanisa linaweza kufundisha imani sawasawa na katekista, lakini lazima liseme lugha ya watu wanaolijenga.

I. Nchi na watu wake

Wakatalani wana lugha yao, mbali na Kihispania. Kwa muda mrefu lugha hiyo ilikosa heshima mbele ya serikali. Karne ya 19, watu wenye elimu walianza kuiinua tena, na mwaka 1859 walifufua mashindano ya zamani ya mashairi yanayoitwa Jocs Florals. Mwaka uleule Ildefons Cerdà alichora mpango wa kupanua mji wa Barcelona, uliokuwa umebanwa na kuta za kale, kwa njia pana na zilizonyoka. Viwanda vya nguo vilitajirisha mabwana wengi na kuvuta maelfu ya watu maskini kutoka mashamba.

Hivi vilikutana vitu vitatu: feza, viwanja vya kujengea, na watu waliotaka kuonekana kuwa watu wenye lugha na desturi zao. Mwaka 1878 Lluís Domènech i Montaner, kijana aliyesoma kazi ya arkitekti, yaani fundi mkuu anayechora majengo, aliandika makala akiuliza: namna gani ya kujenga itakuwa yetu kweli? Modernismu ilikuwa jibu la swali hilo.

II. Ufundi wenyewe

Wafundi hawa walitazama kwanza vitu vilivyokuwa mikononi mwao. Waashi wa Katalonia walijua tangu zamani kufunika nyumba kwa matofali membamba yaliyolazwa ubapa, tabaka juu ya tabaka, hata yakashikamana kama ganda la yai. Waliokuwako pia ni wahunzi hodari, maseremala, wafundi wa vioo vya rangi na wafinyanzi wa vigae. Maarkitekti hawakutegemea vitu vya kigeni tu. Waliwaita wazee wa kazi hizo na kuwapa kazi kubwa kuliko zile walizozoea. Hata vigae vilivyovunjika havikutupwa: vilipangwa tena kipande kwa kipande juu ya ukuta na viti, na kazi hiyo inaitwa *trencadís*. Katika Park Güell, bustani iliyojengwa toka 1900 hata 1914, kuna kiti kirefu kinachojipinda kama nyoka, kilichofunikwa kwa vipande hivyo.

Domènech alijenga nyumba ya muziki ya Barcelona (1905-1908) kwa ajili ya kwaya, na toka 1902 hospitali ya Sant Pau. Tuitazame kidogo hospitali hiyo. Haikujengwa kama kambi moja kubwa. Ni nyumba nyingi katikati ya bustani, zenye majina ya watakatifu, na njia chini ya ardhi za kupitishia wagonjwa na vyombo. Domènech aliweka juu ya nyumba za wagonjwa maskini mapambo yaleyale ambayo matajiri waliyataka kwa nyumba zao.

Si wote waliopenda dini. Wachoraji wengi waliokutana katika mkahawa wa Quatre Gats, ambamo Picasso alionyesha picha zake mwaka 1900 akiwa kijana bado, walikuwa mbali na Eklezya. Wasanii Wakatoliki nao walikuwa wameanzisha mwaka 1893 chama cha Mtakatifu Luka, na padri wao alikuwa Josep Torras i Bages, aliyekuwa baadaye askofu wa Vic. Gaudí aliingia chama hicho.

III. Gaudí na mnyororo wake

Gaudí alizaliwa mwaka 1852 upande wa Reus. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya shaba, na mtoto aliona kila siku bamba la shaba likipata umbo chini ya nyundo. Alimaliza masomo ya arkitekti mwaka 1878.

Kazi yake inaonekana kama ndoto, lakini ilisimama juu ya hesabu kali. Shika mnyororo kwa ncha zake mbili, uuache ulegee. Uzito wake wenyewe unaupa umbo: kila pete inavutwa, hakuna inayosukumwa. Sasa geuza umbo lile juu chini. Umepata tao ambalo kila jiwe linasukumwa, hakuna linalovutwa. Nalo jiwe lina nguvu nyingi likisukumwa, lakini likivutwa linapasuka. Basi, kwa kanisa la Colònia Güell, karibu na Barcelona, Gaudí alitundika nyuzi nyingi zenye vifuko vidogo vya risasi, kila kifuko kikishika nafasi ya uzito wa sehemu moja ya jengo. Alizipiga picha, akaigeuza picha, akaona kanisa lake limesimama. Alitumika hivi karibu miaka 10 kabla ya kuanza kujenga mwaka 1908. Ndiyo maana nguzo zake zinainama kama miti: zinafuata njia ambayo uzito wenyewe unapita. Kwa Gaudí, kufuata sheria ambayo Muumba aliitia katika vitu kulikuwa namna ya kumtii.

IV. Kanisa lenye kufundisha

Kanisa la Jamaa Takatifu, Sagrada Família, halikuanzishwa na askofu wala na mfalme. Lilianzishwa na mwuza-vitabu mmoja, Josep Maria Bocabella, mwenye chama cha kumheshimu Mtakatifu Yozefu. Jiwe la kwanza liliwekwa siku ya 19 Machi 1882, sikukuu ya Mtakatifu Yozefu. Arkitekti wa kwanza aliondoka upesi, na mwishoni mwa 1883 kazi ilipewa Gaudí, aliyekuwa na miaka 31. Aliishika hata kufa.

Jengo lina nyuso tatu: Kuzaliwa kwa Bwana upande wa mashariki, Mateso upande wa magharibi, na Utukufu upande wa kusini. Uso wa Kuzaliwa ndio Gaudí aliousimamia mwenyewe. Juu ya mlango wa mapendo wako Maria, Yozefu na Mtoto, pamoja na malaika, wachungaji, ndege na majani ya nchi ile. Kwa sanamu hizi Gaudí alichukua sura za wafanyakazi wake na za jirani zao, hata akapaka jasi juu ya miili yao ili apate umbo. Mtu wa mtaa aliyepita njiani aliweza kuona uso anaoujua katika habari ya Betelehemu. Hata chini ya nguzo mbili kuna kobe wawili: aliye upande wa bahari ni kobe wa baharini, aliye upande wa bara ni kobe wa nchi kavu.

Minara iliyopangwa ni 18: 12 ya Mitume, 4 ya Waevanjelista, mmoja wa Bikira Maria, na mmoja mkubwa wa Yezu Kristu wenye kimo cha metre 172.5. Gaudí alitaka mnara huo uwe chini kidogo ya mlima Montjuïc wa mji huo, kwa maana kazi ya mtu isipite kazi ya Mungu. Mwezi wa Oktoba 2025, ulipokuwa bado unajengwa, ulikwisha kupita mnara wa Ulm wa Ujerumani, uliokuwa mrefu kupita minara yote ya makanisa duniani.

Waseminari wasidhani kwamba alijua mawe tu. Alisoma sana mafundisho ya liturjia ya Abate Guéranger. Askofu wa Mallorca alipomwita kutengeneza katedrali yake, toka mwaka 1904, Gaudí alitoa viti vya kwaya vilivyoziba katikati ya kanisa, ili taifa la Mungu lione altare. Hayo yalitendeka karibu miaka 60 kabla ya Mtaguso wa pili wa Vatikano.

V. Feza na maskini

Hapa tusifiche neno gumu. Nyumba nyingi za modernismu zililipwa na matajiri wa viwanda, huku wafanyakazi wao wakiishi kwa taabu. Mwezi wa Julai 1909 serikali iliita maskini waende vitani Moroko. Mwenye feza aliweza kulipa asiende. Mji uliasi, na makanisa na konventi nyingi zikachomwa. Waliochoma, wengi wao walikuwa wamebatizwa. Waliona Eklezya imesimama upande wa mabwana.

Kanisa la Jamaa Takatifu halikuchomwa wakati ule. Ni kanisa la malipizi, maana yake lilitakiwa kujengwa kwa sadaka tu. Mwaka huohuo wa 1909 Gaudí alijenga katika kiwanja chake shule ndogo kwa watoto wa wafanyakazi na wa mtaa, kwa matofali membamba, na paa lake linajikunja kama mawimbi. Sadaka zilipopunguka, mzee mwenyewe alikwenda kuomba mlango kwa mlango. Lakini mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, kripta ilichomwa na mifano yake ya jasi ilivunjwavunjwa. Mapadri wengi wa mji waliuawa. Wafundi waliofuata waliokota vipande na kuviunga tena.

Leo sehemu kubwa ya feza inatoka kwa wageni wanaolipa kuingia, na uso wa Utukufu haujaisha. Watu wanaokaa mbele yake wanaogopa kwamba ngazi kubwa iliyopangwa itabomoa nyumba zao. Basi swali la mwaka 1909 halijafungwa: nyumba ya Mungu inapokua, jirani yake anapata nini?

VI. Mwisho wa fundi

Siku ya 7 Juni 1926, Gaudí aligongwa na tramu akienda kanisani kusali kama desturi yake. Nguo zake zilikuwa zimechakaa, watu wakamdhani mwombaji, wakampeleka hospitali ya maskini. Alikufa humo siku ya 10 Juni, akazikwa katika kripta ya kanisa lake. Mnara mmoja tu wa kengele, ule wa Mtume Barnaba, ulikuwa umekwisha. Yeye alikufa, kazi haikufa. Papa Benedikto XVI alilibariki kanisa siku ya 7 Novemba 2010.

Ndugu mapadri, waseminari na wakatekista, hatukuandika haya ili mtu aige minara ya Gaudí. Aliyeiga umbo lake hakumfuata. Lakini kila tunapotaka kujenga kanisa, hata la matofali machache, tunaweza kuuliza kama yeye: Udongo wetu unajua kufanya nini? Wafundi gani wako kijijini ambao hatujawaita? Mkristu asiyejua kusoma atajifunza nini akitazama ukuta huu? Toka mahali pake, ataiona altare? Na tena: maskini anayekaa karibu ya kiwanja ataliita kanisa hili lake? Tumwulize yeye mwenyewe, kabla ya kuchimba msingi.