Mwanao Yuko Chuoni: Je, Anajua Mlango wa Kupiga Hodi?

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vifunguapo, twawaona vijana katika stendi za mabasi, kila mmoja na sanduku lake. Mzazi humpa mwanawe nauli, fedha kidogo, na maonyo mengi juu ya marafiki wabaya. Ni vema. Lakini liko neno moja ambalo wengi twalisahau: ukipatwa na shida, usikae kimya, uko mlango wa kupiga hodi.

Tukitazame Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mgeni huona majengo makubwa tu, na watu wasiomjua. Kumbe humo imo Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo kazi yake ni maisha ya mwanafunzi nje ya darasa: malazi, ushauri, hata msiba wa nyumbani. Kipo kituo cha afya. Wako washauri wa kumsikiliza kwa siri mtu mwenye moyo mzito. Wanafunzi wasioona, na wenye ulemavu mwingine, wana kitengo chao. Ipo pia serikali ya wanafunzi, DARUSO, ya kuwasemea wenzao.

Na fedha je? Hapo ndipo wengi hukwama. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha kwa ajili ya ada, chakula na malazi, vitabu, na mafunzo kwa vitendo. Aliyenyimwa, au aliyepewa pungufu, aweza kukata rufaa dirisha la rufaa lifunguliwapo. Lakini dirisha hilo lina siku zake, zikipita zimepita. Heri kumwona mapema ofisa wa mikopo wa chuo.

Basi kwa nini vijana hawaendi? Waona haya. Aliye wa kwanza kijijini kwao kufika chuo kikuu aogopa kusema kwamba ameshindwa mtihani, au kwamba jana alilala na njaa. Msichana anayesumbuliwa aogopa kwamba hataaminiwa. Mwaka 1990, pale pale Mlimani, mwanafunzi msichana alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhihakiwa na wanafunzi wa kiume. Msiba ule uliwashtua wengi. Siku hizi vyuo vina madawati ya jinsia, mahali pa kupeleka mashtaka ya namna hiyo. Lakini dawati halina miguu. Halimfuati mtu chumbani mwake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Wewe mzazi, siku ya kuagana, usimwambie mwanao "Usituaibishe" ukaishia hapo. Neno hilo twalisema kwa upendo, lakini laweza kumfunga mtoto mdomo siku ile anapohitaji kusema. Ongeza na hili: "Ukikwama, niambie mimi, na umwambie Mshauri wa Wanafunzi, mapema."

Nawe kijana usomaye haya, juma lako la kwanza chuoni zitafute ofisi hizo kwa miguu yako, ungali mzima na mwenye furaha. Jua ziko wapi na hufunguliwa saa ngapi. Siku ya shida ikija, hutaanza kuuliza njia.