Shaba haiponyi nyanya iliyokwisha kuugua

Ukungu wa asubuhi unaoistawisha chai ya Usambara hauifai nyanya. Kule Vugiri, upande wa mlimani wa Korogwe, jani la mnyanya likilala na maji usiku kucha huwa mlango wazi kwa bakteria. Madoa meusi yakishajitokeza, mkulima hushuka duka la pembejeo na kuuliza "dawa ya ukungu". Hupewa dawa ya shaba, ile ya unga wa bluu au kijani, akapiga shamba zima, na wiki inayofuata madoa bado yapo na mengine yameongezeka. Lawama huangukia dawa: ni feki. Mara nyingine ni feki kweli. Lakini mara nyingi shaba imepewa kazi isiyo yake.

Shaba ni kinga. Chembe zake hazikubali kuyeyuka kwa urahisi, hivyo hukauka na kutulia juu ya jani. Umande au mvua ikigusa chembe hizo, kiasi kidogo cha shaba huachiwa ndani ya maji, na bakteria aliyemo kwenye tone hilo huipokea. Ikiingia mwilini mwake huharibu protini na utando wake kwa namna nyingi kwa wakati mmoja, naye hufa. Lakini hayo yote hutokea juu ya jani. Bakteria aliyekwisha kupenya kwenye vitundu vya hewa, au kwenye jeraha lililoachwa na kamba ya kufungia mche, hafikiwi tena. Doa unaloliona leo ni la bakteria aliyeingia siku kadhaa zilizopita.

Kazi hiyo ya shaba iligunduliwa kwa sababu ya wezi. Wakulima wa zabibu wa Médoc, Ufaransa, walikuwa wakinyunyizia mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia wasitamani kuchuma. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona kuwa mizabibu hiyo yenye rangi ya ajabu ilibaki na majani yake wakati mingine ikipukutishwa na ugonjwa. Akachunguza, na mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko ambao dunia inauita kwa jina la mji wa Bordeaux. Chokaa ilikuwa na sababu yake: mrututu mtupu huyeyuka wote mara moja na kuunguza majani. Dawa za kisasa za dukani zimetengenezwa ziachie shaba polepole, lakini nazo zikichanganywa na mbolea ya majani yenye asidi huachia shaba nyingi kupita kiasi. Majani yakibabuka baada ya kupiga dawa, uliza kwanza ni nini kingine kilichotiwa kwenye bomba.

Sasa, ugonjwa gani? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Madoa ya bakteria kwenye nyanya ni ya aina kuu mbili, na Korogwe ina hali ya hewa inayofaa zote mbili. Mlimani kwenye ubaridi, nyuzi 18 hadi 24 hivi, hustawi bakteria aitwaye Pseudomonas syringae. Huyu hutoa vidoa vidogo vyeusi vyenye duara la njano, na kwenye tunda huacha nukta ndogo zisizozama ndani, ambazo ukucha unaweza kuzikwangua. Huko chini, kwenye joto la bonde la Pangani na kuelekea Handeni, hutawala jamii ya Xanthomonas, wanaopenda nyuzi 24 hadi 30. Madoa yao ni makubwa zaidi, ya kahawia, yenye unyevu kama mafuta yanapoanza, na tunda hupata magamba ya kukwaruza. Tunda kama hilo halijazwi kwenye tenga la kwenda sokoni isipokuwa kwa bei ya kutupa. Ugonjwa wa vidoa vidogo uliripotiwa kisayansi kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mwaka 2007, na miongoni mwa walioufichua ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Madoa yenye duara ndani ya duara ni bakajani wahi, ugonjwa wa ukungu. Mabaka makubwa yaliyolowa, yenye utando mweupe chini ya jani asubuhi, ni bakajani chelewa. Shaba hukinga haya pia kwa kiasi, na labda ndiyo maana watu huiona dawa ya kila kitu. Kuna mmoja ambao haigusi kabisa: mnyauko bakteria. Mche hunyauka ghafla ungali kijani. Kata shina lake karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi kama wa maziwa ukishuka, ni mnyauko. Anayeusababisha anaishi udongoni na ndani ya mishipa ya mmea; kupiga majani hakumfikii. Ng'oa mche, uutoe shambani, usipeleke maji ya hapo kwenye tuta jingine, na msimu unaofuata panda mahindi au kabichi badala ya nyanya, viazi, pilipili au bilinganya.

Kwa madoa, shaba hupigwa kabla. Ratiba ya masika inajulikana, hivyo jani lipakwe dawa likiwa kavu na lipate muda wa kukauka kabla mvua haijaja. Upande wa chini wa jani usisahauliwe, maana vitundu vya hewa vimejaa huko. Majani mapya yanayochomoza baada ya kupiga hayana kinga, na mvua kubwa huosha iliyokuwepo. Ndiyo sababu ya kurudia, kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye lebo. Na tafadhali, msipunguze machipukizi wala kufunga miche ikiwa imelowa. Mikono yenye maji hubeba bakteria mstari mzima, kazi ambayo mvua yenyewe ingehitaji siku kadhaa kuifanya.

Kuzidisha nako kuna gharama. Huko Florida, Marekani, mwaka 1983 watafiti waliripoti Xanthomonas wanaohimili shaba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 vimelea vya vidoa vidogo kutoka Tanzania vilipimwa, navyo vikaonekana vinaistahimili shaba. Tena shaba ni metali: haiozi, haigeuki kitu kingine. Hubaki udongoni mwaka baada ya mwaka ikiwadhuru minyoo, na ikifika mtoni huua samaki. Umoja wa Ulaya umewawekea wakulima wake ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Kwenye miteremko ya Vugiri, kuosha bomba kijitoni ni kuwapelekea walio chini sumu. Apigaye avae miwani na glavu, na anunue dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa mlaji, ule unga wa bluu uliokauka kwenye ganda la nyanya ya sokoni uko juu tu. Osha vizuri kwa maji yanayotiririka.

Mimi ningeanza na mbegu kabla ya bomba, kwa kuwa bakteria wote wawili wa madoa husafiri na mbegu. Aliyekamua mbegu kwenye nyanya zake mwenyewe anaweza kuzitia kwenye kitambaa, akazizamisha kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha kwenye maji baridi, na kuzianika kivulini. Kipimajoto ni lazima, kwa sababu joto likipungua bakteria hubaki na likizidi mbegu haioti. Mbegu zilizopakwa dawa kiwandani, zile za rangi, zisiguswe na maji ya moto.