Mbwa Mzee Akichechemea

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kila alfajiri mbwa wetu Simba, mwenye umri wa miaka 11, alinisindikiza hadi stejini. Mwaka huu, muhula wa kwanza, akaanza kuishia langoni. Akiamka anachechemea, akitembea kidogo anapata nafuu. Baba akasema ni uzee tu, afadhali apigwe sindano ya mwisho. Nililia, sifichi.

Daktari wa mifugo alimshika goti akasema ni baridi yabisi. Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, kitu laini chenye utelezi. Gegedu likilika, kiungo huvimba na kuuma.

Nikamuuliza kama kuna tiba. Akanieleza kwamba mbwa huweza kutolewa damu yake mwenyewe, ikazungushwa kwa kasi katika mashine ili chembe za kugandisha damu zikusanyike, kisha zikadungwa kiungoni. Chembe hizo hubeba kemikali za kuponya vidonda. Wengine hutumia seli shina zinazotolewa katika mafuta ya mwili wake.

La mwanga ndilo lililonishangaza. Mwaka 1967 huko Budapest, Hungaria, daktari Endre Mester aliwanyoa panya akawamulika kwa leza aone kama watapata saratani. Wapi! Manyoya yakaota upesi zaidi. Siku hizi kiungo kinachouma humulikwa kwa mwanga mwekundu au ule wa infraredi usioonekana kwa macho. Mitokondria, zile tulizochora Form One, huunyonya, na maumivu hupungua. Mbwa huvishwa miwani, ati!

Lakini msidanganyike. Tiba hizi huwapunguzia maumivu baadhi ya mbwa. Haijathibitishwa kwamba gegedu lililolika huota upya. Tena mashine hizo daktari wetu hana. Alimtazama Simba akasema, "Mzee, huyu ni mnene." Kweli. Ugali uliobaki wote ulikuwa wake, na mwongezaji ni mimi. Kilo zikipungua, goti hupumua. Akatuonya pia tusimpe dawa za binadamu kama ibuprofeni, maana hutoboa tumbo na kuharibu figo. Nyanya alikuwa ameshazitoa mkobani!

Sasa Simba anakula kwa kipimo, anameza dawa aliyoandikiwa na daktari, na analala juu ya gunia badala ya simiti. Jana alinifikisha mpaka kwa duka la kona. Stejini bado. Baba naye hajataja sindano tena.