Taa, valvu au mrija? Ampli ya gitaa kwenye betri

Hapa Kindu, umeme ukikatika katikati ya mazoezi, mpiga ngoma huendelea, mpiga gitaa hunyamaza. Je, ampli ndogo ya taa inaweza kutumia betri ya kuchajiwa? Inaweza, wala si jambo geni: mwaka 1949, majirani zetu wa Zambia, wakati huo Rodesia ya Kaskazini, waliuziwa redio ya taa nne iliyotumia betri kavu, iliyoitwa Saucepan Special. Lakini kwanza tuitazame hiyo "taa", maana jina lake huwasumbua watafsiri.

Neno hilo linafuata Kifaransa, lampe. Waingereza husema valve, Wamarekani tube, na kila mmoja ameona upande wake. Mmarekani ameona chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Mwingereza ameona mlango: elektroni hupita upande mmoja tu, na kimia kidogo kinachopokea ishara ya gitaa huzizuia au kuziachia. Mfaransa ameona uzi unaowaka. Bila joto la uzi huo elektroni hazitoki. Bila volti nyingi za kuzivuta haziendi popote.

Kwa hiyo betri ina kazi mbili. Chukua ampli ya taa mbili, ECC83 na EL84. Kupasha nyuzi kunataka volti 6.3 na ampea 1.06, karibu wati 7. Kuvuta elektroni kunataka volti kama 250 na ampea 0.05, wati 12 au 13. Jumla ni wati 20 hivi, na spika haipati hata 6! Transista ingetumia kidogo zaidi, lakini mpenzi wa taa hasikii hoja hiyo.

Volti 12 zinafikaje 250? Transfoma haipandishi mkondo usiobadilika, hivyo mkondo wa betri lazima ukatwekatwe kwanza. Redio za zamani za magari zilitumia ulimi wa chuma unaotetemeka; leo transista hukata mara maelfu kwa sekunde. Njia rahisi ni inveta ya volti 220, kisha unachomeka ampli kama kawaida, ila inveta duni huleta mvumo kwenye spika.

Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Ukitaka idumu, usitumie zaidi ya nusu. Ukitoa na kinachopotea njiani, unabaki na saa moja na nusu hivi. Ibada ndefu haitaisha.

Volti 12 hazitishi, lakini 250 huua, na kapasita huzishika hata swichi ikizimwa. Hapo ndipo jina linapoponza: nani anaogopa taa? Hata hivyo nisingeandika "valvu", ambayo kwa wengi ni ya tairi. Ningeandika "taa ya ampli", na onyo la kapasita ningeliweka kabla ya hatua ya kwanza, si mwisho wa ukurasa.