KUSITA, KUSITASITA NA KIGEUGEU

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza watafsiri ni yale yanayomweleza mtu asiyefikia uamuzi. Aghalabu mtu huyo huitwa kigeugeu. Matumizi hayo si sahihi, na katika maandishi ya ofisi yaweza kumtia lawamani mtu asiye na kosa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga wa Kiberege, katika bonde la Kilombero. Mvua za kwanza zimenyesha. Akipanda mapema, jua laweza kuikausha miche. Akichelewa, mafuriko yaweza kuikuta ingali mifupi. Anakwenda shambani, anatazama mawingu, anarudi nyumbani na mbegu zake. Mkulima huyu anasita. Maana ya msingi ya kitenzi hiki ni kusimama kwa muda kabla ya kuendelea, nayo inahusiana na maana ya kuwa na shaka katika kutenda. Akifanya hivyo siku tatu au nne mfululizo, tutasema anasitasita. Maana kurudiwa kwa shina huonyesha kurudiwa kwa tendo, kama ilivyo katika kuyumbayumba.

Kigeugeu, neno linalotokana na geuka, ni mtu mwingine kabisa. Huyu amekwisha kuamua. Jana alikubali kikaoni kushiriki kuchimba mfereji, leo amekataa, kesho atakubali tena. Hivyo, kusitasita huja kabla ya uamuzi, na ugeugeu huja baada yake. Tena, neno kigeugeu halikosi lawama, lakini kusitasita kwaweza kuwa busara. Kwa upande wa sarufi, ingawa neno lina kiambishi ki-, upatanisho wake ni wa viumbe hai: kigeugeu huyu amekuja, vigeugeu hawa wamekuja.

Tofauti hii si ndogo. Bwana shamba akiandika kwamba wakulima wa kijiji fulani ni vigeugeu, msomaji wa taarifa huko wilayani atawadhania kuwa watu wasioaminika, na huenda akawanyima mbegu. Akiandika kwamba wanasitasita kupanda, msomaji huyo huyo atauliza sababu, na pengine atawapelekea habari za hali ya hewa.

Watumishi wa ofisi wajihadhari pia na neno sitisha. Ingawa umbo lake ni la kutendesha, kusitisha si kumtia mtu shaka, bali ni kusimamisha jambo. "Wakulima wamesita kupanda" ni habari ya nia yao. "Upandaji umesitishwa" ni habari ya amri iliyotolewa.

Kwa hiyo tunapendekeza kusitasita litumike kwa hali ya kutofikia uamuzi, na mwenye kusitasita kwa mtu aliye katika hali hiyo. Kigeugeu liachiwe yule anayeamua na kutangua. Mfasiri ajiulize kwanza: je, mtu huyu amekwisha kuamua, au bado?